Zamu ya Kukaa Mezani

11 Januari

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Huku nipo salama, mafua tu ambayo yamenizoea kama mpangaji asiyehama. Natumaini cherehani imeacha tabia yake ya kukata uzi, na kwamba jirani yetu mshona viatu bado anakuja kuomba chumvi kidogo na kukaa saa mbili. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu zote huishia kwenye "unanisikia?" na "hebu sema tena". Karatasi haikatiki katikati.

Baba anaendeleaje? Ameanza kula? Nilipoondoka alikuwa akichezea sahani tu, mtu aliyewapikia wanafunzi mia sita kwa miaka thelathini na kumfokea kila mtoto aliyebakiza chakula.

Kazi ni ileile niliyosomea, kutengeneza meno ya bandia. Tuko sita kwenye chumba kirefu, kila mtu na taa yake, nta yake na vumbi la plasta mpaka kwenye kope. Wenye meno hatuwaoni kamwe. Zinatufikia alama za vinywa vyao tu kwenye visanduku, na meno yakiwafikia nadhani wanakwenda kutafuna nyama na kutusahau.

Ngoja nikuchekeshe. Kwenye kona ya mtaa wangu kuna duka la kahawa lenye meza nne. Mwenye duka ni mnene, anapiga mluzi kutwa. Siku ya kwanza niliagiza kwa kuonyesha kidole, akaniletea kikombe kidogo kama cha watoto kuchezea. Nikadhani ni cha kuonja. Nikakimaliza kwa funda moja, nikafuta mdomo, nikamngoja alete chenyewe. Akanitazama, nikamtazama. Kumbe chenyewe ndicho hicho! Hakunicheka. Alileta cha pili pamoja na glasi ya maji, akanionyesha kwa vidole: polepole. Tangu siku hiyo ninakunywa polepole, na dada, ni kitu kizuri mno.

Jumamosi sifanyi kazi. Napanda treni mpaka kituo cha mwisho, popote pale, nashuka, natembea, nakula, narudi. Wiki iliyopita nilifika kwenye mji wenye ziwa, nikala samaki aliyeokwa kwa limau na siagi, ngozi yake inavunjika kama karatasi kavu. Nilikula mpaka vidole.

Baba ananiuliza? Niambie kweli. Siku ya kumi na moja baada ya kumzika mama si siku ya mtu kufunga begi, najua, lakini kazi isingeningoja. Nilipomuaga alikuwa akikata vitunguu, wala hakugeuka. Alisema tu kwamba aliyeacha sufuria motoni asiulize kama chakula kimeiva.

Mdogo wako,
Kijiko (jina alilonipa yeye kwa kuonja kila sufuria, kama bado naruhusiwa kuitwa hivyo)


20 Februari

Kijiko,

Marahaba mdogo wangu. Barua yako ilifika kona moja imelowa lakini inasomeka. Sisi tupo. Binti wa shangazi amejifungua mapacha, wa kike wote, na shangazi ameshaanza kulalamika kuhusu mahari watakayoletewa. Mshona viatu anakusalimu. Chumvi bado anaomba.

Baba kutembea anatembea, lakini chakula kimemshinda. Nilimpeleka kwa daktari, akapimwa utosini mpaka unyayoni, ugonjwa haukuonekana. Daktari alinivuta pembeni akaniambia mzee huyu asipokula hatamaliza mwaka. Juzi nimempunguzia suruali kiunoni kwa mara ya pili. Nikipika anasema chumvi haipo, nikiongeza anasema imezidi. Vijiko vitatu, anafunika sahani, anageukia ukutani.

Sasa kuhusu samaki wako. Umesema aliokwa. Aliokwa kwa moto gani? Siagi iliwekwa kabla au baada? Kulikuwa na kitunguu? Wenzako huku tunakimbizana na sare za shule, wewe unapanda treni kwenda kula samaki. Basi angalau simulia kama mtu aliyekula. Andika vizuri, na uandike mapema.

Swali lako la mwisho nimelisoma.

Dada yako


29 Machi

Kwa dada,

Shikamoo. Hongera kwa mapacha. Nimefurahi kusikia mnaendelea, na nimehuzunika kwa habari za baba.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua, na maneno yako yamenifika. Ni kweli, si haki baba akonde huku mimi nasimulia siagi. Nimeacha treni. Jumamosi naomba kazi ya ziada, au nalala. Nakunywa chai chumbani na mkate. Duka la kahawa napita upande wa pili wa barabara ili yule mnene asinione.

Sina la kusimulia. Kazi ni nzuri. Hali ya hewa ni baridi. Nisalimie kila mtu.

Mdogo wako


10 Mei

Kijiko,

Natumaini hujambo. Huku mvua imetoboa paa upande wa stoo, mshona viatu akapanda kuziba, akashuka na shimo la pili. Hayo ndiyo ya kucheka. Yaliyobaki si ya kucheka, nawe usome ukiwa umekaa.

Baba alianguka bafuni wiki mbili zilizopita. Hakuvunjika, ila nilipomnyanyua nilimnyanyua peke yangu, kwa mikono hii, mwanaume yule aliyekuwa akibeba magunia. Suruali nimeipunguza mara ya tatu na sasa mifuko ya nyuma imekutana. Anakunywa uji kidogo basi.

Nilikatazwa kukuambia hili, na leo nalisema. Barua yako ya Januari ilifika saa ya chakula cha mchana. Baba alikuwa nyuma ya pazia na sahani yake imepoa. Mimi nikawa namsomea mshona viatu huku nashona. Kwenye kahawa mshona viatu alicheka. Nilipofika kwenye samaki, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwongo huyo. Siagi ikitangulia, ngozi haiwi kavu." Kisha nikasikia kijiko kikigonga sahani. Kijiko, alikula sahani nzima huku anabishana na samaki wako! Kesho yake saa sita akanawa mikono akakaa, akasema, "Soma kazi yako." Nikajua kazi gani. Nimeisoma barua ile mpaka mikunjo yake imechanika. Kila siku aliitafutia kosa jipya, na kila siku alikula, mchana huo tu; usiku ilikuwa vijiko vitatu vilevile nilivyokuandikia. Jina lako hakulitaja, alisema "huyo". Na alinionya nisikuambie, eti usije ukadhani amekusamehe.

Ndiyo maana nilikuuliza moto na kitunguu. Sikuwa nakusuta. Ule utani wa sare ulikuwa utani tu, nao umetuponza sote.

Barua yako ya Machi ilipofika alinawa mikono kabla sijaifungua. Nikafungua nikakuta chai na mkate. Nikaona nisimvunje moyo, nikajifanya nasoma, nikabuni mwenyewe: mji fulani, kuku fulani, wali fulani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo si yeye. Huyo ni wewe. Wewe hujawahi kula mbali na nyumba hii." Akafunika sahani, na ndiyo hali tuliyo nayo mpaka leo.

Sikuandikii kukutisha. Nimekasirika, nakwambia wazi, kwa sababu umejinyima kitu ambacho hakikuwa chako peke yako, na hukuniuliza. Kula, mdogo wangu. Panda treni ukale. Ingia jikoni kwao ukaulize. Na uandike kila kitu.

Dada yako


2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Poleni kwa paa. Mwambie mshona viatu abaki kwenye viatu.

Barua yako ilifika Alhamisi. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye treni.

Mwambie baba, au usimwambie, soma tu kwa sauti: nilishuka kwenye mji ulio mlimani, mitaa yote ngazi, mtu ukitaka mkate unapanda, ukitaka maji unashuka. Kuna mama mmoja mwenye meza sita na hana orodha ya vyakula. Amepika kimoja, unakula hicho hicho. Siku hiyo ilikuwa mguu wa kondoo na maharage meupe. Nilimwomba kwa ishara niingie jikoni, akanipa aproni. Sufuria lake ni la chuma, zito, na mfuniko ameuziba pembeni kwa unga uliokandwa, ili mvuke usipate pa kutokea. Vitunguu anavikata vyembamba kwa urefu, si kwa duara, anaviweka chini kabisa bila tone la maji. Maharage yanalowekwa tangu jana. Kondoo juu, vitunguu saumu vizima na maganda yake, chumvi mara moja tu, kisha moto mdogo tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Anauvunja ule unga kwa nyuma ya kisu mbele ya wageni. Mvuke ulipotoka, wazee wawili waliokuwa wanabishana wakanyamaza. Nyama ilijitenga na mfupa kabla sijaigusa. Nilikula, nikaongezwa, nikala. Naomba baba aniambie kosa liko wapi, maana mimi sikuliona.

Baadaye nililetewa kahawa nje, kwenye ukuta wa mawe wenye jua. Ilikuwa nzito, na povu la rangi ya ngozi ya karanga. Chini yangu kulikuwa na bonde zima, treni inapita ndogo kama zipu. Niliishika ile kahawa kwa mikono miwili kabla ya kuinywa.

Hii aya ni yako peke yako. Wiki ya kwanza kabisa hapa, mama akiwa hana hata mwezi kaburini, nilikunywa kile kikombe na nikajikuta nacheka. Nilifurahi, dada. Nilifurahi kuwa hai, na kwamba hakuna mtu anayelia chumba cha pili. Nikaionea aibu furaha hiyo hiyo. Tangu hapo kila nilichokula nilikuwa kama nimeiba, ndiyo maana uliponitania niliona nimekamatwa. Hilo ndilo sikukwambia.

Kila Jumamosi nitaandika. Apende asipende.

Kijiko


15 Julai

Kijiko,

Barua zako sita zimefika, mbili zikitanguliana. Mapacha wameota meno, shangazi anauliza kama utawatengenezea mengine haya yakitoka. Nimemwambia asubiri miaka sitini.

Baba anakula. Naandika tena nilione kwenye karatasi: baba anakula. Suruali nimeifumua mshono mmoja. Kuhusu kondoo, amesema kosa ni saumu kuachiwa maganda, kisha akasema labda si kosa, kisha akanituma ninunue maharage meupe. Tuliziba sufuria kwa unga kama ulivyoeleza. Alisimamia mwenyewe, amekaa kwenye stuli na fimbo, ananiamuru kama mtoto wa shule. Mshona viatu alikula akasahau chumvi aliyokuja kuomba.

Sasa kuna jambo. Jumapili nilikuwa namsomea ile barua yako ya mji wenye daraja. Nikamaliza sehemu ya chakula, nikaendelea na ya kahawa. Baba akaniuliza, "Hiyo kahawa unamsomea nani?"

Nikamwambia nakusomea wewe, baba.

Akasema, "Mimi sinywi kahawa. Hata hapo zamani sikunywa, inanikimbiza moyo. Nawe ukifika kwenye kahawa unasoma polepole. Unarudia."

Nilijidai kutafuta pini sakafuni. Akaendelea kwamba jikoni kwake walikuwa watu kumi na wawili, na mtu akishika zamu mbili mfululizo, ya tatu alimtoa hata kama analia, kwa sababu akibaki ataunguza chakula au ataungua mwenyewe. Akaniuliza mimi nimeshika miaka mingapi. Nikahesabu minne ya kumuuguza mama na huu wake. Kisha akasema, "Mwambie aje ashike. Wewe nenda ukakae."

Nikamuuliza aje nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ujinga. "Kwani mimi nina watoto wangapi?"

Nilimjibu kwamba siendi kokote, sare za muhula ziko mezani, na isitoshe mimi si mtu wa safari. Hayo nimemwambia yeye. Wewe nakwambia kweli: nataka. Nimetaka tangu barua yako ya kwanza, mpaka usiku mmoja nilikuchukia kwa sababu ya kile kikombe. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kuletewa kitu mezani na mtu ambaye si ndugu yangu. Naona aibu kuandika hivi, ila wewe umetangulia kuniandikia aibu yako, basi na mimi hii hapa.

Dada yako


8 Novemba

Dada,

Shikamoo. Ni siku ya tisa tangu nikusindikize, na hiki chumba chako cha kushonea kinanishangaa. Natumaini ufunguo wa chumba changu cha huko haukukusumbua. Unauinua kidogo kisha unauzungusha. Shangazi alipita na mapacha wote wawili, mmoja amekojoa kwenye sare ya darasa la nne. Nimeifua. Likizo yangu ni miezi miwili kamili, nimeiandikia mpaka mkuu wangu akachoka, kwa hiyo usithubutu kurudi mapema.

Sikujua, dada. Kumwogesha, kumwinua, kufua, kupika, kumngoja ameze. Siku ya tatu nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikalia, halafu nikakumbuka kwamba wewe siku ya tatu ulikuwa bado na miaka mitano mbele.

Ulipokuwa hapa aliniambia "umekonda" na "nawa mikono" tu, ukasema nivumilie. Jana nilimwokea samaki. Alimrudisha jikoni, nikamwoka tena. Alipokuwa anakula wa pili alisema bila kunitazama, "Sikukasirika kwa sababu ya mama yako. Nyumba hii ilikuwa imejaa msiba mpaka darini, nawe ukapata mlango. Nilikuonea wivu, mwanangu. Baba mzima." Kisha akaomba limau. Nilimkatia limau, dada, nikajikata kidole.

Anangoja barua yako. Anasema utasimulia chakula vibaya lakini atakusikiliza.

Kijiko


26 Novemba

Kwa Kijiko, na kwa baba anayesikiliza,

Marahaba. Baba, shikamoo. Nimefika salama, miguu tu ilivimba kwenye ndege. Ufunguo niliuinua, nikauzungusha, nikaushusha, mpaka jirani wa juu akashuka kunifungulia. Baridi ya huku haina adabu. Nimeshona bitana ya pili ndani ya koti lako, usije ukashangaa limekuwa zito.

Baba, nimekula supu ya viazi na kabichi. Viazi vilikuwa vimeiva. Ndiyo hivyo, sina zaidi, ulisema mwenyewe sijui kusimulia. Jumamosi nitapanda treni, nimeshanunua tiketi, na nimeandika jina la kituo kwenye kiganja kwa kalamu.

Wiki tatu na zaidi nilipita nje ya duka la kahawa nikaogopa kuingia. Niliwaona watu ndani wamekaa tu, nikajiuliza mtu anaingiaje mahali kwenda kukaa tu. Leo niliingia. Mwenye duka alikuwa anapiga mluzi kama ulivyosema. Nikakaa meza ya dirishani, akaleta kikombe, akakiweka mbele yangu, akageuza mshikio uelekee mkono wangu. Nilitaka kusimama nimsaidie kubeba sinia.

Ni chungu, Kijiko. Ni chungu kama dawa ya minyoo, sijui mnaipendea nini. Niliimaliza kwa adabu. Kisha nikabaki nimekaa, mikono juu ya meza, haina sindano wala mwiko. Kila kiti kilipoburuzwa nilishtuka, nikaanza kuinuka, nikidhani naitwa. Saa nzima ilipita hivyo. Hakuna aliyeniita.

Mwenye duka akaja, akaniuliza kwa ishara kama nataka kingine. Nikamwambia alete.

Dada yako